Insulini na Oksitosini: Sindano Mbili za Friji Moja

Nilipowaambia wenzangu kwamba mwaka huu nitaandika makala ya sayansi kwa Kiswahili kitupu, walicheka. Mmoja akaniambia, "Wewe, Biolojia kwa Kiswahili? Utafika kwa 'moyo' na 'mapafu', halafu uishiwe!" Haya basi, na tuone kama nitaishiwa.

Jambo lenyewe lilianza likizo ya Agosti 2024. Mama yangu ni nesi katika kituo cha afya, na kazi yangu wakati wa likizo, mbali na kuchunga mbuzi wawili watundu, ni kumpelekea chakula cha mchana. Siku hiyo nilimkuta amefungua friji ya dawa anaandika kipimo cha joto kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri na ndiyo kwanza irudi. Nikachungulia. Pamoja na chanjo za watoto, niliona kichupa chenye kifuniko cha mpira, insulini hiyo, ambayo niliijua vyema, tena niliijua kwa aibu kama nitakavyoeleza. Kando yake palikuwa na kisanduku cha vichupa vidogo vya kioo, vile vinavyovunjwa shingo.

"Na hivi ni vya nini, Mama?"

"Hiyo ni oksitosini, ya akina mama wanaojifungua. Ni ukoo mmoja na hiyo ya sukari, lakini ole wako uzichanganye."

Ukoo mmoja kivipi? Moja ni ya wagonjwa wa kisukari, nyingine ni ya wazazi. Nilirudi nyumbani na swali hilo, na muhula ulipofunguliwa nikamsumbua mwalimu wetu wa Biolojia hadi akanipa vitabu viwili ili apate amani.

Ukoo wao unaitwa peptidi. Mwili wetu hutumia vijenzi vidogo vinavyoitwa asidi amino, aina 20 kwa jumla, kama vile Kiswahili kinavyotumia herufi chache kuunda maneno yote ya dunia. Zikiungwa chache katika mnyororo, hiyo ni peptidi. Mnyororo ukirefuka sana na kujikunjakunja, tunauita protini. Mpaka kati ya peptidi na protini haukuchorwa kwa rula, na ndiyo sababu insulini, yenye asidi amino 51, wengine huiita peptidi na wengine protini ndogo.

Oksitosini ni neno la herufi 9 tu, sawa na neno "wanafunzi". Herufi yake ya kwanza na ya sita zimeshikana kwa daraja la salfa, hivyo neno hilo lina pete na mkia. Insulini nayo ni kama maneno mawili, moja la herufi 21 na jingine la herufi 30, na yenyewe yamefungwa pamoja kwa madaraja ya salfa. Basi hapo ndipo undugu ulipo. Hata mtu mmoja alizishughulikia zote mbili. Vincent du Vigneaud, mwanakemia wa Marekani, alianza kwa kuchunguza salfa iliyomo ndani ya insulini miaka ya 1920, akavutwa na salfa hiyo hadi kwenye oksitosini. Mwaka 1953 aliitengeneza katika maabara yake, homoni ya kwanza ya aina hii kuundwa na mkono wa binadamu, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Mpangilio kamili wa herufi za insulini ulikamilishwa na Frederick Sanger wa Uingereza mwaka huo huo wa 1955, naye akapata Nobel yake mwaka 1958.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu hawa wawili wanashirikiana: hakuna inayofaa kumezwa. Nasema hivi kwa sababu kuna kijana wa bweni letu (simtaji, anajijua) aliyesoma mahali fulani kwamba oksitosini ni "homoni ya mapenzi", akauliza kama mtu anaweza kuitia kwenye chai ya msichana siku ya mashindano ya drama. La hasha! Kwanza ni uovu kumtilia mtu dawa kisirisiri. Pili, tumbo lingeivunjavunja oksitosini hiyo kama linavyovunja yai na omena, kwa maana peptidi kwa tumbo ni chakula tu. Ndiyo maana dawa hizi mbili huja kwa sindano.

Sasa nianze na ile ya aibu.

Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga yake mwenyewe imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayozifungulia seli za misuli na mafuta mlango ili sukari iingie kutoka kwenye damu, na pia ndiyo inayoliambia ini liache kumwaga sukari zaidi. Bila hiyo, mtu ana sukari tele kwenye damu huku seli zake zinalia njaa. Mwili huanza kuchoma mafuta ovyo, damu inakuwa na asidi, mgonjwa anakonda, anakojoa na kunywa maji bila kikomo, na mwishowe anazimia. Kabla ya 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa akinyimwa chakula makusudi ili asogezwe siku kidogo. Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho la ng'ombe. Ya kwanza haikufaulu kwa kuwa ilikuwa na uchafu mwingi. James Collip akaisafisha, na siku chache baadaye ya pili ikaishusha sukari. Kijana huyo aliishi hadi 1935. Frederick Banting na John Macleod walipewa Nobel mwaka 1923, na Banting akagawana fedha zake na Charles Best, mwanafunzi aliyekuwa akimsaidia, akiona ameachwa kwa dhuluma.

Kwa miaka mingi insulini ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Ya nguruwe hutofautiana na yetu kwa herufi moja tu kati ya 51, jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu! Tangu 1982 kumekuwa na insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria waliopewa maagizo ya jeni zetu.

Rafiki yangu, ambaye tunaketi naye dawati moja, hujidunga kila siku tangu akiwa darasa la tano. Ameniruhusu kusimulia haya. Muhula wa kwanza wa 2024, jioni moja, alijidunga kama kawaida kabla ya chakula. Lakini githeri haikuwa imeiva, kuni zilikuwa mbichi, tukaambiwa tutakula baada ya prepu. Sisi tukashukuru tukaenda uwanjani kupiga mpira. Yeye naye alicheza. Katikati ya prepu nikamwona anatetemeka. Shati lilikuwa limelowa jasho ilhali usiku ulikuwa wa baridi. Nikamuuliza swali la Hesabu, akanijibu kuhusu kuku. Kisha akaanza kumfokea kiranja, yeye ambaye hata nzi hamkaripii. Wengine wakasema kalewa. Mmoja wa nyuma akasema ni mapepo, tuombe. Nami, mjuaji wa wajuaji, nikapaza sauti, "Sukari imempanda! Anataka dawa yake!" Nikatoka mbio hadi kwa metroni, anakohifadhiwa insulini.

Metroni hakugusa friji. Aliniuliza neno moja tu: "Amekula?"

Nikasema hapana.

Akachukua kopo la sukari, akaanza kukimbia kabla yangu. Vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kidogo, rafiki yangu akanyweshwa kwa kubembelezwa, kwani bado alikuwa anaweza kumeza. Robo saa baadaye alikuwa anatuuliza mbona tumemzingira. Halafu akapewa mkate, maana ile sukari ya haraka hairudi mara ya pili.

Ndugu zangu, sukari haikuwa imempanda. Ilikuwa imeshuka. Kongosho zima linapoona sukari inapungua huacha kutoa insulini, lakini insulini iliyokwisha kudungwa chini ya ngozi haina macho. Itaendelea kufanya kazi yake kwa saa kadhaa, umekula au hujala, umekimbia au umelala. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4, kwa kipimo kile cha milimoli kwa lita, mtu yuko hatarini, na ubongo ndio unaoumia kwanza kwa sababu unategemea sukari hiyo. Ningemdunga usiku ule, pengine leo ningekuwa naandika tanzia. Kwa hiyo mkimwona mwenzenu mwenye kisukari anatokwa jasho, anatetemeka, anasema ovyo au anakuwa mkali bila sababu, mpeni kitu chenye sukari kwanza. Soda inafaa, ile ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Akiwa amezimia msimtie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu, akimbizwe hospitali. Na asidungwe insulini na mtu yeyote hapo darasani.

Nimekaa sana hapo, lakini nilikuwa na deni.

Tuje kwa oksitosini. Jina lenyewe limetoka Kigiriki na maana yake ni kuzaa upesi. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hulifanya tumbo la uzazi la paka likaze. Kila mwanamke anayo yake mwenyewe. Ndiyo inayosaidia kukaza mji wa mimba wakati wa uchungu, na ndiyo inayosukuma maziwa mtoto anaponyonya.

Kama insulini ni dawa ya kila siku ya maisha, oksitosini ni dawa ya dakika. Mtoto akishazaliwa, kondo la nyuma hubanduka, na mishipa ya damu iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Hakuna daktari anayeishona mishipa ile. Inazibwa na misuli ya mji wa mimba yenyewe, ambayo hukaza na kuibana kama mkono unavyofinya mpira wa maji. Misuli ikilegea, damu inatoka kama bomba. Mama akipoteza nusu lita na zaidi inahesabiwa kuwa ni hatari, na kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya vifo vya wazazi duniani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mama, hata asiye na tatizo, apewe yuniti 10 za oksitosini mara tu mtoto anapotoka.

Nilimuuliza Mama kama ameshaona mtu akiokolewa na sindano hiyo. Alicheka kidogo. "Nimeona. Nilikuwa mimi. Na wewe unayeniuliza ulikuwa hujafikisha nusu saa duniani." Kumbe siku niliyozaliwa alimwaga damu hadi shuka ikajaa, na mkunga akamwongezea oksitosini kwenye dripu huku akimsugua tumbo kwa nguvu. Alisema alihisi baridi na akasikia watu wakiongea kwa mbali. Sikuwahi kuambiwa hayo. Nilikula chakula changu kimya siku hiyo.

Lakini hiyo hiyo iliyomwokoa ingeweza kumuua saa chache kabla. Wakati mtoto bado yumo tumboni, oksitosini hutolewa tu kwa dripu, tone kwa tone, mkunga akiwa kando anahesabu mikazo na kusikiliza moyo wa mtoto. Mikazo ikifuatana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, kwani kila mkazo unabana damu inayompelekea oksijeni. Ikizidi, mji wa mimba unaweza kupasuka. Kwenye dripu kuna nafuu: ukifunga, nguvu ya dawa hupungua baada ya muda mfupi kwa kuwa oksitosini hudumu dakika chache tu katika damu. Lakini ile "sindano ya kuongeza uchungu" ambayo baadhi ya watu hudungwa msulini majumbani ili wazae haraka, hiyo haina bomba la kufunga. Ikishaingia, imeingia.

Kuna hatari nyingine inayonifurahisha mimi kama mpenzi wa lugha. Oksitosini ina pacha anayeitwa vasopresini, kazi yake ni kuziambia figo zizuie maji. Wawili hao hutofautiana kwa herufi 2 kati ya 9. Ni kama "mchana" na "mchawi": badili herufi mbili tu, na jua linakuwa ungo! Kwa kufanana huko, oksitosini nyingi ikitolewa kwa saa nyingi pamoja na maji mengi huanza kufanya kazi ya pacha wake. Maji yanabaki mwilini, chumvi ya damu inapungua, na mama anaweza kupata degedege.

Basi ipi ni hatari zaidi? Mwalimu aliniambia swali langu ni baya, nami sasa nakubaliana naye. Insulini hushikwa na mgonjwa mwenyewe, mara maelfu katika maisha yake, jikoni, bwenini, ndani ya matatu, na hatari yake hutegemea kama amekula na amefanya kazi gani. Oksitosini hushikwa na mkunga aliyesomea, mara chache kwa kila mama, na hatari yake hutegemea saa: kabla mtoto hajatoka au baada. Kosa la insulini, likiwahiwa, dawa yake iko kwenye kopo la sukari. Kosa la oksitosini linaweza kuhitaji chumba cha upasuaji.

Halafu kuna neno "yuniti", ambalo limewaponza wengi. Dawa zote mbili hupimwa kwa yuniti, lakini yuniti ya moja si yuniti ya nyingine. Zilipoanza, hakuna aliyeweza kuzipima kwa mizani kwa sababu hazikuwa safi, hivyo zikapimwa kwa kazi. Insulini ilijaribiwa kwa sungura, ishushe sukari yake kiasi fulani. Oksitosini ilipimwa kwa jinsi inavyokaza misuli ya uzazi ya wanyama wa maabara. Matokeo yake ni kwamba yuniti 10 za insulini zina uzito wa mara 20 hivi wa yuniti 10 za oksitosini. Tena Mama hataki kabisa kuona mtu akifupisha "yuniti" kwa herufi U. Mwandiko ukiwa mbaya, U hufanana na sufuri, na 10 inasomwa 100. Nimeuona mwandiko wa baadhi yenu kwenye insha. Msije mkawa manesi.

Nimalizie na lile friji. Zote mbili hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na insulini isigande hata mara moja, ikiganda ni ya kutupa. Kwa joto, peptidi huharibika polepole, na ubaya ni kwamba oksitosini iliyoharibika ni maji meupe, na nzima ni maji meupe. Mkunga hujua tu pale damu inapokataa kukoma. Habari njema ni kwamba imepatikana binamu yake, kabetosini isiyoogopa joto, ambayo huvumilia nyuzi 30. Ilijaribiwa kwa karibu akina mama 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: katika kuzuia damu ilionekana si duni kuliko oksitosini. Hata hivyo hudumu mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo haitumiwi kamwe kuanzisha uchungu.

Insulini nayo imeonekana kuwa na ngozi ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, ambalo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini kwenye joto kama hilo kwa wiki nne, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba nguvu zake hazikupungua kwa kiasi cha kujali. Kwa mkimbizi asiye na friji, ambaye awali alilazimika kwenda hospitali kila siku kudungwa, hiyo si habari ndogo. Rafiki yangu aliposikia alisema nyanya yake alikuwa amejua zamani, kwani huiweka ile anayotumia ndani ya chungu chenye mchanga wa majimaji pembeni, mahali penye kivuli.

Siku hizi dawati letu lina pakiti ya glukosi kwenye kona ya kushoto. Metroni anasema pakiti moja yatosha muhula mzima. Hii ni ya tatu, na rafiki yangu anaapa kwamba hajapata kuigusa.